Kibii na Jiko la Ukutani

Kibii hajawahi kushindwa na kazi ya mikono, na hilo ndilo lililomponza. Miaka ishirini na saba alichomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria, akija nyumbani Molo mwisho wa mwezi tu. Alipostaafu akaendelea kukaza, kupiga randa na kuziba kila kilichomkera. Mlango ukilia, ameshautia mafuta kabla hujamaliza kulalamika. Lakini kwa mambo yasiyohitaji nyundo alikuwa kipofu, na afadhali niseme mapema: mwaka huu, kwa brashi na mkebe wa rangi, alifuta maandishi yote ambayo marehemu mkewe, Jepkemboi, aliyaacha duniani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mlowezi. Baba yake Kibii aliinunua pamoja na shamba. Sebuleni mna jiko la ukutani la kuotea moto, la matofali yaliyopakwa chokaa zamani hizo, chokaa ikageuka rangi ya chai. Jumamosi walitarajiwa wageni wa koito, watu wa kijana Kiptum wanaokuja kumposea binti yake Jerotich. Kibii akalitazama lile jiko, akaona haya. Moshi, nyufa, na juu ya tundu la moto mistari ya makaa iliyopindapinda. Akadhani ni michoro ya watoto enzi zile.

Jumatatu akasugua kwa brashi ya waya na maji ya sabuni hadi chokaa yote ikaporomoka. Jumanne akaziba nyufa kwa saruji. Jumatano na Alhamisi akapaka rangi nyeupe ya mafuta, mara mbili, na ubao wa juu, wa mtarakwa, akaupiga msasa na vanishi mpaka ukang'aa. Nimtendee haki: kazi ilikuwa safi. Akaketi mbele yake na kikombe cha chai, akajisifu kwa sauti ingawa alikuwa peke yake.

Ijumaa Jerotich akafika kutoka Kiamunyi, anakofundisha. Akatua mifuko ya shopping mlangoni, akaganda.

“Baba, ile writing ya mama iko wapi?”

“Writing gani? Mama yako hakujua kuandika.”

Jerotich akakaa kwenye mkono wa kochi, akamweleza pole pole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake.

Kibii alikumbuka mwanzo wa habari ile vizuri kuliko alivyotaka. Siku moja Jepkemboi alimwomba ruhusa ya kujiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani, kila Jumatano. Kibii alicheka hadi akatoa machozi. “Unataka kuandikia ng'ombe barua?” alimwuliza. Hakumkataza. Alicheka tu, na kicheko kikatosha.

Jepkemboi akaenda kimya kimya, miaka mitatu. Daftari hakutaka nyumbani, asije mumewe akaliona akacheka tena. Akajifunzia pale kwenye jiko la ukutani, kwa kipande cha makaa juu ya chokaa, na kila mwisho wa mwezi ukikaribia anafuta kwa kitambaa. Penye karatasi za serikali, mbele ya Kibii, aliendelea kutia kidole gumba.

“Hiyo ya mwisho alikataa kufuta,” Jerotich akasema. “Alisema, baba yenu akikuja ataiona mwenyewe.”

“Iliandikwa nini?”

“KIBII KARIBU NYUMBANI. Ulikuja end month, ukaota moto hapo, ukarudi kazi. Akasema tungoje, labda next month.”

“Na nyinyi mbona hamkuniambia?”

“Alitukataza. Alitaka uisome bila kuambiwa.”

Miaka kumi na moja maandishi yale yalikaa pale. Sita kati ya hiyo Kibii alikuwa amestaafu, anakaa mbele yake kila jioni, soksi zake zinakauka chini ya maneno yale. Jepkemboi aliaga dunia juzi juzi tu, mwaka juzi, akiwa bado hajaulizwa neno. Kufuta, Kibii angejisamehe, kwa kuwa hakujua. Kutosoma, hapana.

Akachukua kisu cha kukwangulia, akalivamia tofali la katikati. Rangi ikatoka vipande vipande. Chini yake palikuwa na tofali jekundu, safi, kama limetoka tanuruni asubuhi hiyo. Akakwangua la pili. Safi vilevile. Chokaa alikuwa ameimwaga kwenye shimo la takataka tangu Jumatatu, na mvua ya Molo haikuwa imesubiri mtu.

“Wacha, baba,” Jerotich akamshika mkono. “Haiko tena. Na wageni ni kesho.”

Basi Kibii akafungua mkebe tena, akayapaka yale matofali mawili kwa mkono wake mwenyewe, mara ya kwanza, akangoja yakauke, mara ya pili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na rangi.

Jumamosi wageni wakajaa sebuleni. Kabla maombi hayajaanza, mjomba wa Kiptum akasimama, akapitisha kiganja kwenye ule weupe, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

“Mzee, hii kazi ni smart sana. Ni fundi gani alikufanyia?”

Jerotich akainamisha macho. Kibii akatazama rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

“Ni mimi,” akasema. “Nilifanya mwenyewe.”

Wageni wakampigia makofi.