"Daktari wa samaki" alimlaumu baba yangu, kumbe yeye ndiye alikuwa anawaua

Wakuu, niaje.

Mimi huku huwa msomaji tu. Naingia, nacheka na comments, natoka. Leo naandika kwa sababu nina hasira imekaa kifuani wiki ya tatu sasa na haishuki. Haya yote yalitokea kwetu, na mahali nilikosea mimi nitasema pia.

Naishi Satellite, hapa Nairobi, na wazazi. Baba ni civil servant mstaafu, mtu wa Kitui, na zamani alikuwa mtu wa maneno mingi sana. Mwaka jana akapata stroke. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakapotea. Akili iko, anaelewa kila kitu, lakini akitaka kusema, neno linakataa kutoka. Amebaki na maneno machache, na hayo pia yanatoka moja moja.

Mtu wa physio, yule wa mazoezi ya viungo, akatushauri tumtafutie kitu ya kufanya kila siku na ule mkono mzima. Nikamnunulia aquarium na goldfish sita.

Sikutegemea kile kilifuata. Mzee alishika hiyo tank kama kazi ya serikali. Asubuhi mapema anakokota kiti, anakaa mbele yake. Anawalisha na mkono wa kushoto, punje kidogo kidogo. Mkono ukitetemeka, anangoja utulie. Mama alisema tangu atoke hospitali hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiamka bila kuitwa.

Sasa mimi nashinda kazini Upper Hill na sijui chochote kuhusu samaki. Nikatafuta mtu wa service. Nikapata jamaa online, kwa profile ameandika "Daktari wa Samaki". Jina siweki, msiniulize inbox.

Anakuja kila wiki mbili. Anatoa maji yote. Anaosha mawe, anaosha sponge ya filter kwa mfereji mpaka inabaki nyeupe, anajaza maji ya mfereji moja kwa moja, anarudisha samaki ndani. Tank inang'aa. Mimi najipongeza nimepata mtu wa kazi.

Baada ya service ya pili, samaki wawili wakaanza kuhema juu juu ya maji, midomo nje. Halafu wakawa wanajisugua kwa mawe. Siku chache baadaye nikaona vidoti vyeupe kwa mapezi, kama mtu amewanyunyizia chumvi.

Nikampigia. Akasema ni fungus. Akaja na capsules za antibiotic, zile za binadamu, akazifungua akamwaga ndani. Maji ikageuka njano. Hao wawili wakafa.

Aliporudi aliangalia tank, akaangalia Mzee, akaniambia, "Madam, shida ni huyu mzee. Anawalisha sana, mkono yake haina control. Mnyang'anyeni hiyo chakula."

Mbele yake. Kama vile Mzee ni kiti.

Na hapa ndio naona aibu kuandika. Nilichukua mkebe wa chakula nikauweka juu ya kabati ya jikoni, mahali mtu wa mkono mmoja na mguu wa kuburuta hawezi fika. Nikajiambia naokoa samaki.

Mzee akaacha kuamka mapema.

Kulikuwa na neno moja alikuwa anarudia siku hizo. "Maji." Anashika Mama mkono, "Maji. Maji." Mama anamletea glass. Anaisukuma. Tunaleta ya uvuguvugu, anaisukuma. Siku moja akaimwaga, nikamkemea. Baba yangu, nikamkemea kama mtoto.

Service iliyofuata, alishika hose ya yule jamaa na mkono wa kushoto akakataa kuachilia. Mimi ndio nilimfungua vidole, kimoja kimoja, huku nikimwambia "daktari" pole.

Wiki hiyo samaki wa tatu akafa.

Jumamosi moja niko Kenyatta Market nasukwa, namlalamikia msusi mambo ya samaki. Mama mmoja alikuwa kiti cha pili chini ya dryer. Akaniuliza, "Uko na picha?"

Nikampa simu aone video. Kumbe huyo mama amefanya kazi miaka mingi Western, kwa mabwawa ya kuzalisha vifaranga vya samaki.

"Hii si fungus," akasema. "Fungus inakaa kama pamba. Hizi chembe za chumvi ni white spot, ni mdudu mdogo. Antibiotic haimfanyi kitu. Maji mnabadilisha aje?"

Nikamweleza, tena kwa kujivunia. Yote, kila wiki mbili.

Akatoa kichwa kwa dryer. "Yote? Ya mfereji? Na mnaweka dawa ya kutoa chlorine?"

"Dawa gani?"

Akanirudishia simu. "Dada, hiyo chlorine inawachoma mahali wanapumulia, ndiyo maana wako juu wanahema. Na ile sponge ndiyo nyumba ya bacteria wazuri, wale wanamaliza sumu ya uchafu wao. Mkiiosha na maji ya mfereji mnawaua. Samaki akishadhoofika hivyo, ugonjwa wowote unamshika. Chakula mngepunguza tu. Shida yenu ni maji."

Maji.

Nikamwambia msusi asimamishe hapo, nikachukua namba ya yule mama, nikafunga kitambaa nikaenda nyumbani na nusu kichwa.

Mzee alikuwa amekaa akiangalia ukuta. Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, ulikuwa unasema maji ya samaki?"

Akainua kidole akaonyesha tank. "Maji," akasema. Halafu machozi ikamtoka, na mimi pia.

Fikirieni tu. Kwa nyumba yetu yeye peke yake ndiye alishinda na hao samaki. Aliona wako sawa mpaka yule jamaa aje, kisha wanaugua. Aliona mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatuambia na neno alilokuwa nalo. Sisi tukamletea glass.

Treatment tulifanya vile yule mama alinielekeza kwa simu. Dawa ya white spot ya kununua pet shop, kipimo kilichoandikwa kwa chupa, si cha kukisia. Tukatoa carbon, yale makaa ya kuchuja, kwa filter kwanza, kwa sababu inanyonya dawa. Tukapandisha joto ya maji polepole na kuongeza pump ya hewa, coz maji ikipata joto hewa inapungua. Tukabadilisha robo ya maji tu kila mara, iliyotiwa dawa ya kutoa chlorine, na kunyonya uchafu wa chini. Na vidoti vikiisha usiache dawa. Huyo mdudu huanguka chini anazaana, kisha anarudi.

Mmoja alikufa siku ya pili. Wawili wakapona.

Nilimpigia "daktari" nikamwambia asirudi, nikamweleza na sababu. Mnajua alisema nini?

"Madam, unaamini mtu wa salon kuliko mimi? Nimekuambia shida ni mzee."

Nikakata simu. Ninajua hivi ninavyoandika kuna nyumba nyingine anamwaga maji yote na kumlaumu mtoto wa mtu, ama house help.

So wakuu, kile nimejifunza. Samaki akihema juu, angalia maji kwanza kabla ya kukimbilia dawa. Vidoti vya chumvi na kujisugua ni white spot. Pamba ni fungus. Mapezi yakichanika na kuoza, mara nyingi ni uchafu wa maji. Akivimba mpaka magamba yasimame, hapo ni hatari, tafuta mtu anayejua kweli. Capsules za binadamu wachana nazo. Na mtu akikuja kwako na jibu kabla hajauliza swali hata moja, mwonyeshe mlango.

Mkebe Mzee alirudishiwa. Sasa nikibeba ndoo ananisimamia, na amepata neno jipya: "Robo." Nikizidisha kidogo anagonga glasi ya tank na kidole.

Nilimwomba msamaha kwa vile vidole. Alinishika tu kichwa. Sijui hiyo ni kusema nini, na siwezi kumlazimisha anitafutie neno.

Uwanja ni wenu. Kama uko na samaki mgonjwa weka picha, tuangalie pamoja. Na kama kwenu kuna mtu maneno yamempotea, naomba uniambie mnaongea naye aje.