Magoti Yaliyokataa Kushuka

Niliendesha boda Kalerwe miaka tisa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kunyoosha msuli hata mmoja. Jioni nilishuka kwenye piki mapaja yamekakamaa, nikasema ni uchovu, nikalala.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimebeba mikungu mitatu ya matoke. Mama mmoja alikatiza barabara ghafla, nikafunga breki, nikaweka mguu wa kushoto chini. Matope yakaupeleka pembeni, piki ikanilalia, na ndani ya paja, karibu na kinena, nikasikia kitu kinachanika.

Kliniki nilipokelewa na mama wa mazoezi ya viungo. Aliponibonyeza nilipiga kelele.

"Kutwa nzima miguu imebana tanki, na hunyooshi," alisema. "Msuli umekaza. Ukivutwa ghafla, unachanika."

"Nitapona?"

"Ukiwa na subira. Kwanza pumzika mwezi mzima. Halafu kaa chini, nyayo zigusane, magoti yashuke yenyewe. Yenyewe, umesikia? Ukiona maumivu, acha."

Subira sikuwa nayo. Kilichonitesa zaidi ni swala. Nilisali nimekaa kwenye kiti, nyuma ya safu, pamoja na wazee, nami nina miaka thelathini na nne. Wiki ya tatu nikakaa mkekani, nikagusanisha nyayo. Magoti yakabaki juu.

Nikamwita mke wangu. "Njoo unisukume."

"Si alisema yashuke yenyewe?"

"Sukuma tu."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimfokea. Akaweka viganja juu ya magoti yangu, akafumba macho, akasukuma. Msuli ukachanika tena, palepale.

Alilia kuliko mimi. Siku zilizofuata aliniletea chakula, akakiweka, akaondoka bila kuketi.

"Ni mimi nimekulemaza," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni.

Nilipaswa kumjibu kwamba ni mimi niliyemlazimisha. Nilimwachia mzigo ule kwa sababu kuubeba mwenyewe kulinishinda.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Kila asubuhi nanyoosha polepole, kama nilivyoelekezwa, bila kulazimisha. Magoti yanashuka kidogo, kisha yanagoma. Mama wa kliniki anasema kovu limekuwa gumu, na hanitajii tena siku ya kupona. Kupanda piki siwezi. Nikienda steji ya boda kuwasalimu wenzangu, nawaambia wanyooshe mapaja kabla ya kazi. Wanacheka.

"Mzee, sisi tuko fiti!"

Hata mimi ningecheka.

Wiki iliyopita hatimaye nilimwambia mke wangu kwamba kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo. Alikuwa anaanua nguo uani.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie siku ileile niliposimama mlangoni."

Akaingia ndani na nguo zake. Nikabaki uani, nimeshika ukuta.