Pua ya fundi wa boti na chupa ya wifi yake

Saa mbili asubuhi. Fundi Pua ameinama gatini, makalio juu, uso umekaribia kugusa injini ya boti. Anainusa kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Kisha anajifuta mikono, anashika kamba ya kuwashia na kuivuta.

Kimya.

"Usinitie aibu mbele za watu, bibi wee," anaiambia injini, na kuvuta tena.

Inanguruma! Abiria wanapiga makofi, manahodha wanapiga miluzi.

Wasiopiga makofi ni wawili. Mmoja ni tajiri mwenye boti sita za kuvusha watu. Neno lake amekwisha kulitoa: injini hii iende ng'ambo na kurudi bila kuzima, la sivyo boti zote sita zinahamia kwa fundi mwingine. Kwa Pua, hizo ni robo tatu ya kipato chake.

Wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenye duka la vipuri. Huyo mikono ameifumbata kifuani kama anayeombea mgonjwa.

Jina la Pua alilipata zamani, kwa sababu hafungui injini kabla ya kuinusa. "Oili iliyoungua ina harufu yake, plagi iliyolowa ina yake," anasema mama huyo wa miaka hamsini na kitu. Kitu chenyewe hakitaji. "Mume wangu naye akipitia mahali kabla ya kurudi nyumbani, najua."

Mwaka jana pua hiyo ilimponza.

Injini zilianza kuzima katikati ya maji. Akizifungua, anakuta mipira ya kupitishia mafuta imevimba na kulainika kama imetafunwa, na kabureta imeota unga mweupe ndani. Anabadilisha mipira. Wiki chache, yale yale. Tajiri akaanza kununa.

Ndipo akainusa ile mipira vizuri. Ilikuwa na harufu kali, tamutamu. Na yote aliinunua kwa wifi yake, mwanamke asiyekwenda hata kumwaga takataka bila kujimwagia manukato.

"Nikamfuata dukani," anasimulia. "Nikamwambia, wifi, unaniuzia mipira ya bandia, halafu unaipulizia marashi ili ipendeze!"

"Manukato yangu nipulizie mpira?" anadakia wifi, bado ana uchungu. "Hata kaka yangu mwenyewe simpulizii!"

Wakanuniana miezi. Wanakaa ua mmoja, lakini salamu zilipitia kwa yule mume, akawa kama posta, anatoka mlango huu anaingia ule.

Wifi hakulala na lile tusi. Alimpigia simu anayemletea mipira, akaambiwa aangalie mafuta kwanza: siku hizi vituo vingi vinauza petroli iliyochanganywa na ethanoli, spiriti inayotengenezwa kwa miwa. Akaja karakana na chupa inayoonyesha ndani, yenye maji, akachora mstari kwa rangi yake ya kucha pale maji yalipoishia. Akamimina petroli kutoka tangi la boti, akatikisa, akaiweka mezani.

"Haya, leo nusa kwa macho," akamwambia Pua.

Petroli tupu ingeelea, na maji yangebaki kwenye mstari. Lakini yale ya chini yalipanda, yakaupita mstari. Spiriti ilikuwa imetoka kwenye petroli na kujiunga na maji.

Ndivyo inavyofanya hata ndani ya tangi. Spiriti hunyonya unyevu, na boti ikikaa siku nyingi, maji na spiriti hutuama chini, pale pale injini inapovutia mafuta. Mipira ya kizamani nayo hailiwezi jambo hilo, inalainika.

"Kumbe vibibi vyangu vilikuwa vinalewa!" Pua anacheka mpaka machozi. "Na harufu ya pombe niliisikia siku ya kwanza. Nikamkamata asiyehusika."

"Radhi aliniomba kwa kunifulia mapazia," anasema wifi. "Yote."

Injini ya leo imefungwa mipira inayostahimili spiriti, pamoja na chujio la kutenga maji. Tangi limekaushwa na kujazwa mafuta mapya.

Boti inaondoka, tajiri ndani. Inakuwa ndogo, inapotea ng'ambo. Pua anatembea huku na huku, wifi nyuma yake.

Hiyo hapo, inarudi! Katikati, pale zinapozoea kuzimia, sauti inashuka.

"Uwiii!" Pua anamkamata wifi mkono.

Lakini ni nahodha tu, amepunguza mwendo kupisha wavu wa mvuvi. Injini inapaza sauti tena, boti inakuja na povu lake hadi gatini. Tajiri anashuka, suruali imelowa, anajaribu kununa na kushindwa.

"Nitengenezee na zile tano zilizobaki," anasema.

Gati zima linalipuka. Wifi anamrukia Pua, nusura waingie majini wote wawili.

Sasa wanapanga kuvunja ukuta kati ya karakana na duka, wawe na mlango mmoja, na mbele yake meza yenye chupa, ili kila nahodha apime mafuta yake bure kabla ya kujaza tangi. Mstari utachorwa na wifi. Rangi atachagua mwenyewe.

Pua bado amekumbatiana naye. Anavuta pumzi ndefu shingoni kwa wifi yake.

"Haya sasa," anasema, "ndiyo manukato kweli."

"Na niachie," anajibu wifi, "unanipaka grisi."