Kiwiko cha Dada

Dada yangu akishika fidla, hatikisiki. Wapenzi wa muziki walimpachika jina la Nguzo. Wapo waliosema hiyo ndiyo heshima ya jukwaani, wapo waliosema ana maringo. Maringo gani? Mimi mdogo wake, ninayempigia piano tangu tukiwa wasichana, nawaambieni ni kabati.

Tulilelewa chumba kimoja na mama yetu, fundi cherehani. Kitanda huku, cherehani kule, katikati kabati lenye kioo mlangoni. Dada alifanyia mazoezi kwenye upenyo uliobaki. Akijisahau akafungua mkono unaovuta upinde wa fidla, kiwiko kinagonga kabati, kioo kinalia, na mama, bila kuinua macho kwenye kitambaa, anasema, "Kiwiko, mwanangu." Mazoea yana taabu. Dada akakua hivyo, miguu imekazwa, mkono umebanwa, sauti ndiyo inayotembea.

Mchana anafundisha hesabu shule ya msingi. Muziki ni wa jioni. Mama alipoanza kupoteza kumbukumbu, dada ndiye aliyehamia kwake, akamlisha, akamwogesha. Na ndiye aliyesahauliwa kwanza. Mimi ninayekuja Jumapili na mfuko wa machungwa bado naitwa kwa jina langu; yeye anaitwa Nesi. Haki iko wapi hapo? Siku moja nilimkuta jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. Akaniambia hataki kingine duniani, aitwe mwanangu mara moja tu kabla mama hajaondoka. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vyombo.

Basi ulipopangwa usiku wa onyesho lake mwenyewe, mimi nikimpigia piano, katika ukumbi mkubwa, tukaamua mama aje. Dada akaweka mwishoni ule wimbo wa polepole aliojifunzia chumbani kwetu. Lakini mwalimu wetu wa zamani wa muziki alikuwa amemwonya: safari hii asisimame kama nguzo, afungue mkono, watu wa nyuma nao waone. Akajizoeza mbele ya kioo mpaka mwili ukakubali.

Mama alikaa mstari wa mbele na mama mdogo, ndugu yake. Alipotuona tumevaa nyeusi akauliza, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, msiba huu ni wa nani. Nilicheka huku roho inaniuma. Dada hakucheka. Alisimama, akangoja ukumbi utulie, ndipo akainua upinde.

Alipiga vizuri, nisiseme uongo. Mwili ulikwenda na muziki, mkono ukafunguka, na watu wakanyoosha shingo. Mama alikuwa akichezea vifungo vya sweta yake, hamtazami. Tukafika kwenye wimbo wa mwisho. Pale katikati, sauti inaposhuka mpaka unasikia pumzi ya mpigaji, dada akauvuta upinde hadi mwisho wa mkono.

"Kiwiko, mwanangu," mama akasema. "Kabati hilo."

Watu wakamnyamazisha kwa minong'ono. Bwana mmoja akageuka kumkazia macho. Laiti ningekuwa karibu naye. Dada hakukosea hata noti moja. Alibana kiwiko, akaunganisha miguu, akasimama kwenye jukwaa ambako gari lingeweza kugeuka, kana kwamba kabati liko ubavuni mwake. Alimaliza hivyo, machozi yakidondokea fidla. Mimi nilikosea noti kadhaa, na sikujali.

Makofi hayakuwa yamekwisha alipoteremka. Akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama," akamwita.

Mama akamtazama usoni, akamshika mkono. "Nesi, umepiga vizuri. Mwanangu naye anapiga. Ukimwona, mwambie asichelewe kurudi, namsubiri."

Nilitaka kuingilia, nimwambie mama, huyu ndiye, mtazame vizuri. Mama mdogo akanishika bega.

"Nitamwambia, mama," dada akajibu.

Kisha akamfunga mama vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, kiwiko chake bado amekibana ubavuni.