Diski Aliyoikataa Mwalimu Idarusi

Mume wangu hakuuziwa sanduku tupu kwa ujinga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa Shauri Moyo mpaka leo, kwenye foleni ya maji na kwenye meza za nyama za soko la Burma: kwamba Idarusi Haji, mzee mzima aliyesoma, alikwenda mjini na kiinua mgongo chake akarudi na televisheni isiyoonyesha kitu. Wengine huongeza kwamba alijua ni mbovu, akaitumia kuwalaghai mabinti wa watu. Wengi wanaosema hayo walikula mahamri yangu siku mashine ilipoingia nyumbani. Mimi nilikuwapo tangu dukani.

Idarusi alipiga chapa katika ofisi za Reli tangu ujana wake, mpaka akawa mkuu wa chumba kizima cha wapiga chapa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuleta nyumbani hata karatasi moja ya kaboni. Watoto wa makarani wenzake walichorea picha kwenye karatasi zenye nembo ya ofisi. Lela wetu na nduguze waliandikia madaftari ya kununua. Niliwahi kumwambia kwamba anazidisha. Alinijibu, "Shamsia, kanzu nyeupe haifichi doa," akaendelea kunywa chai yake.

Alipostaafu alifungua darasa sebuleni kwetu, kwa taipureta chache alizonunua kwenye mnada. Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alifunga kitambaa cheusi juu ya mashine na ncha zake akazifunga shingoni mwa msichana, kama mtoto anayelishwa uji, mikono ikafichika chini yake. Msichana hakuruhusiwa kuona vidole vyake wala herufi alizozipiga.

"Macho ni ya kusomea barua," alikuwa akisema. "Vidole vina macho yao."

Ndani wasichana walimwita Mwalimu. Nje, wakidhani hatusikii, walimwita Mzee Kitambaa. Lakini waliotoka mikononi mwake walipata kazi kwa mawakili, Baraza la Jiji na viwandani Industrial Area, na wazazi walikuja kushukuru na kuku mkononi.

Halafu, mwaka wa themanini na sita hivi, wazazi wakaanza kuulizia mlangoni, "Mwalimu, kompyuta unafundisha?" Akisema la, walimuaga kwa adabu na hawakurudi. Viti vikaanza kubaki wazi. Yeye alikuwa hajui kazi nyingine, wala hakuwahi kumbembeleza mwanafunzi. Ndipo akachukua kiinua mgongo chake, tukaenda mjini mimi na yeye.

Mwenye duka hakutudanganya. Hilo pia liandikwe. Alitueleza wazi kwamba mashine ni mwili tu. Ili iamke inahitaji diski yenye maagizo ya kuiendesha, na diski hiyo huuzwa peke yake na kampuni iliyoitunga ng'ambo.

"Lakini usisumbuke, mzee," alisema. "Nitakunakilia yangu hapa hapa, bure. Wateja wote nawafanyia hivyo."

"Kampuni imekuruhusu?" Idarusi aliuliza.

Yule bwana akacheka. "Kampuni iko Amerika, mzee wangu. Itakuona wapi?"

"Sikuuliza kama itaniona."

Akaagiza diski ya halali na kuilipia papo hapo, kisha akachukua mashine bila diski. Alijua anachokibeba. Yule mwenye duka alibaki akitutazama kama watu waliokataa maji jangwani.

Nyumbani majirani walikuja kuiona, kama ilivyo desturi mtu akiingiza kitu kikubwa. Dua ikasomwa, mahamri yakapita. Wakataka iwashwe. Idarusi aliwaeleza kwamba bado haina diski, lakini hawakukubali kuondoka hivi hivi, akaiwasha. Ikavuma kidogo, kioo kikaangaza, kukatokea mstari mmoja wa Kiingereza ukidai diski. Basi. Abdurahim, mwenye bucha kule Burma, akapaza sauti, "Jamani, mgeni ana njaa! Mpeni mahamri!" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Idarusi alicheka pamoja nao. Mimi nilimwona alivyoushika ukingo wa meza.

Tukangoja. Tulipokwenda dukani tuliambiwa meli haijafika. Tuliporudi tena, kibali cha kuagizia hakijatoka. Mvua ndefu zikaja zikapita.

Hapa ndipo Idarusi alipokosea, nami nalisema mwenyewe kabla hajanisemea jirani. Aliamini kwamba kwa mpiga chapa, mashine ni vitufe. Wasichana wake hawakuwahi kutazama herufi walizozipiga. Kioo kiwake au kisiwake, kitawahusu nini? Basi akakifunga kile kitambaa cheusi juu ya vitufe vya kompyuta, akawafundisha juu ya mashine iliyolala. Hakumficha mtu. Alimwambia kila mzazi kwamba diski iko njiani na kwamba kwa sasa wanazoeza vidole tu. Wazazi waliitikia. Neno walilolisikia lilikuwa kompyuta.

Aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote ni Kezia, binti wa Adoyo, mama aliyekaanga samaki karibu na soko. Kezia aliitwa kufanya majaribio ya kazi katika kiwanda kimoja. Akawekwa mbele ya kompyuta, akapewa barua ainakili. Akaketi wima, macho kwenye barua kama alivyofunzwa, akapiga mpaka mwisho bila kuinua uso. Mashine ilikuwa imemkataa tangu mstari wa kwanza. Ilikuwa ikingoja aiandikie kwanza agizo la kazi anayotaka, na hakuna aliyewahi kumwonyesha hilo. Alipoinua macho, kioo kilikuwa kimejaa sentensi ileile ya kukataa, kutoka juu mpaka chini, na makarani wamesimama nyuma yake wakicheka.

Jioni hiyo Adoyo alisimama mlangoni petu na harufu ya mafuta ya samaki bado iko kwenye leso yake.

"Mwalimu! Toka nje uniambie ulifundisha mtoto yangu nini!"

"Karibu ndani, Mama Kezia," Idarusi alisema.

"Ndani nifanye nini? Na mimi nipapase hiyo maiti yako?" Watu walikuwa wameanza kukusanyika. "Mtoto anaandika mpaka anatoka jasho, kumbe anaandikia upepo! Wamemcheka, Mwalimu. Wamemwita kipofu!"

Kezia alikuwa nyuma yake, macho mekundu. "Mama, wacha. Mwalimu alituambia haijaamka."

"Nyamaza! Kama haijaamka, wewe ulikuwa unafundishwa nini? Kulala?"

Vijana waliokaa ukutani wakapiga miluzi. "Wee! Mzee buda amemalizwa!"

Idarusi alingoja kelele zipungue. "Mama Kezia, kosa ni langu, si la mtoto," alisema. "Mrudishe. Nitamfundisha upya."

"Utamfundisha na nini?" Adoyo aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomchoma.

Habari zilimfikia Walter Opiyo, aliyekuwa chini ya Idarusi enzi za Reli na sasa alifanya kazi katika ofisi moja ya bima. Jumamosi alikuja, akatoa bahasha mfukoni.

"Mkubwa, Jumatatu unafundisha," alisema. "Diski ndiyo hii."

"Imetoka wapi?"

"Ofisini. Nimenakili tu. Ya ofisi iko palepale, haijapungua hata chembe. Mtu akiiba mkate, mwenye mkate analala njaa. Hapa nani amelala njaa, Mkubwa?"

Idarusi aliketi. Vidole vyake vilikuwa vikipiga chapa juu ya goti, kama ilivyokuwa kawaida yake akiwa na mawazo. Sote watatu tulijua kilichokuwa ndani ya bahasha ile. Kezia angerudi na viti vingejaa, na mdomo wa Abdurahim ungefungwa.

"Walter," alisema mwishowe, "wakikuuliza ofisini, utawaambia umeipeleka wapi?"

Walter akatazama sakafu.

"Umeona? Siwezi kufundishia mabinti wa watu kitu ambacho nikiulizwa nitanyamaza. Irudishe. Na asante, ndugu yangu. Najua umekuja kwa mapenzi."

Walter alipoondoka nilimwambia amefanya sawa. Alikuwa akikikunja kile kitambaa cheusi.

"Sawa haijazi viti, Mama Lela," akasema.

Wasichana waliobaki waliondoka kimya kimya, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeaga. Idarusi aliendelea kuamka, kuvaa shati na tai, kuifuta vumbi mashine na kuketi mbele yake akisubiri saa ya darasa. Ilipofika aliketi tu. Kifua kilimshika wakati wa baridi ya Julai na hakikumwachia. Tulimzika makaburi ya Kariokor baada ya sala ya alasiri. Diski ya halali ilikuwa haijafika.

Walter alikuja kutoa pole. Aliweka ile bahasha juu ya kitambaa cheusi, akasema, "Shemeji, mimi sina la kuifanyia. Fanya utakavyo," akatoka.

Nilipomaliza eda, Kezia alianza kuja kwangu mchana. Kila mtu alimwona, sikumficha. Sasa ni karani na anatumia kompyuta, na mama yake hunisalimu kwa heshima. Kwa hiyo watu huniuliza, dukani, arusini, hata msibani: Mama Lela, mashine ile iliamka? Iliamka kwa diski gani, ya meli au ya Walter?

Idarusi Haji aliletewa kitu kisicho chake siku alipokihitaji kuliko chakula, akakirudisha. Alikufa hivyo. Hilo nimeliandika na nitalirudia mbele ya yeyote.

Hilo jingine mnaloniuliza, sijibu. Msiniulize tena.