Vidole Viwili Shingoni

Mama Mazoezi, kama wachezaji wa kriketi wanavyomwita mwalimu wao wa viungo, hapulizi filimbi kabla kila mtu hajaweka vidole viwili shingoni na kuhesabu mapigo ya moyo. Wakati huo macho yake huwa kwenye saa, na midomo inacheza, anamwomba Mungu. Viganja vyake vimeota sugu za kamba na vyuma, lakini akikugusa shingoni, anakugusa kama anayepima homa ya kichanga. Mdogo wake wa kiume alianguka kwenye uwanja huu huu, pedi za kriketi zikiwa bado miguuni, na hakuinuka tena. Tangu azikwe, hakimbii mtu hapa bila kuhesabiwa.

Jana mapigo ya mrushaji wao wa mipira ya kasi yalifika mia na arobaini, hata hajapasha mwili. "Wewe hukimbii, mwanangu. Unakwenda kwa daktari." Katibu wa klabu akaja mbiombio. "Mama, mechi ni Jumamosi! Utaniua!" "Mazishi hayangoji Jumamosi, kaka." "Basi nitatafuta mwalimu mwingine!" "Mtafute. Akija, nitampima na yeye." Wachezaji wakaangua kicheko, katibu akafoka mpaka jasho likamchuruzika. Mama Mazoezi akamsogelea, akamwekea vidole viwili shingoni, midomo ikaanza kucheza. "Mia na thelathini, na umesimama tu," akasema. "Kaa kivulini, kaka. Nimeshazika mmoja. Wa pili simziki."