Alikuwa Amefunga

Msikiti wetu hapa Jinja hujaa Ramadhani hadi watu wanasujudu juu ya viatu vya wenzao. Idi ikipita, siku ya tatu tu, safu mbili hazijai. Hilo nimelizoea. Linaloniudhi ni nasaha za Ijumaa ya kwanza ya Shawali, shehe anapotuhimiza tusiache ibada, tufunge zile siku sita za sunna, tuwe kama waliofunga mwaka mzima. Upande wa wanawake jirani yangu hunichokoza: "Wewe Kurani huachi, dhikri huachi, sita tu ndizo zinakushinda?" Namjibu kwamba nina vidonda vya tumbo. Uongo mtupu. Tumbo langu lingesaga mawe.

Mama yangu hakuwahi kuacha hata moja. Alikaa Mbale, chini ya mlima Wanale, kwenye shamba la wazazi wake, Wagisu Wakristo waliompokea na Uislamu wake alioupata kwa kuolewa. Kila mwaka, kesho yake baada ya Idi, alianza sita zake. Alipata sukari, akafunga. Mguu ukavimba, akafunga. Mwisho daktari akamwambia waziwazi kwamba akifunga tena atakufa. Akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akafunga. Siku ya pili akaanguka jikoni. Wadogo zangu wakanipigia simu: nenda wewe, wewe ndiye mkubwa, na mdomo unao.

Kweli mdomo ninao. Ndiyo balaa yangu yote.

Nilimkuta adhuhuri, amejilaza kwenye mkeka, midomo imepasuka kwa ukavu. Nikamwambia Ramadhani imekwisha, hizi ni sunna, na mgonjwa hata faradhi ameondolewa. "Dini naijua," akasema. Nikampikia uji, nikauweka karibu yake. Akaupa mgongo. Nikafoka, sioni haya kusema, nilimfokea mama yangu mzazi: unataka kujiua ili watu wakuite mcha Mungu?

"Baba yako alikwenda amefunga," akasema, bado kanipa mgongo. "Wewe mwenyewe uliniambia. Mtu wangu aende na njaa yake, halafu mimi nikae hapa nile? Ng'o."

Ni kweli nilimwambia mimi. Nilikuwa na miaka kumi.

Serikali ya wanajeshi ilikuwa imeanguka miezi michache nyuma. Upande wa baba sisi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudani zamani, na kwa kuwa askari wengi wa serikali ile walikuwa wa damu yetu, wakati ule hiyo peke yake ilikuwa kesi. Baba hakushika bunduki hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani, ila alishona magwanda ya kambi, na majirani walijua. Mama alitangulia kwao Mbale na wadogo zangu. Mimi na baba tukajificha Buwenge, kwenye chumba cha nyuma cha rafiki yake, tukafunga Ramadhani nzima humo humo, na Idi tukaisali wawili. Kesho yake baba akasema tuanze sita. Siku ya tatu ya saumu hizo tukapata lori la ndizi linalokwenda Mbale.

Alikuwa amenyoa ndevu. Kofia aliiacha, nami mtandio nikavuliwa. Tulikuwa Wagisu tunaokwenda kuzika. Lakini kazi kubwa ilikuwa Kiswahili chake. Siku zile Kiswahili kilichonyooka kilinuka kambi na msikiti, kwa hiyo wiki nzima alijifunza kukivunja, r na l akizichanganya makusudi, nami nikacheka mpaka akanifinya. "Wewe njiani ni bubu," akaniambia. Nikaitikia.

Kwenye kizuizi cha barabarani tulishushwa sote. Askari mmoja alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Hakuwa mkali. "Nyinyi nakwenda wapi?" akauliza.

"Kuzika, afande. Kure Mbare."

Askari akamtazama sana. Kisha akamega muhogo, akamnyooshea. "Kula." Nimeshindwa kuamua, umri wote huu, kama alikuwa anampima au alikuwa mkarimu tu. Baba akapokea kwa mikono miwili, akala.

Nikamwangalia akitafuna. Madrasa tulifundishwa kwamba aliyefunga akila kwa kusahau saumu yake haijaharibika, na anayemwona amkumbushe. Niliona baba yangu amesahau. Wallahi niliona amesahau, na nikamwonea huruma. Nikamvuta shati.

"Baba, umesahau. Tumefunga."

Nilisema kwa Kiswahili kile kizuri cha nyumbani kwetu. Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Askari akaacha kutafuna. Baba akameza kilichokuwa mdomoni, akaniwekea mkono kichwani, akasema, kwa Kiswahili chake mwenyewe sasa, "Huyu ni mtoto, afande. Mwacheni aende." Wakampeleka nyuma ya nyumba ya bati iliyokuwa pale. Dereva akaambiwa aondoe lori. Mama mmoja muuza kuku alinikumbatia njia nzima, na yeye ndiye aliyenifikisha Wanale.

Mama aliuliza wamemchukua kwa nini. Nikajibu, "Alikuwa amefunga." Nilitaka kuendelea. Lakini mama alikwishaelewa alivyoelewa: mumewe alipewa chakula, akakataa, akashikwa kwa ajili ya saumu yake. Akalia huku akimshukuru Mungu. Ningeanzia wapi tena? Baba hakurudi, kaburi hatuna, na kila Shawali ikiingia naisikia sauti yangu ya kitoto ikimkumbusha. Ndiyo maana sifungi sita. Nikinuia tu, nasikia ile sauti.

Sasa, pale mkekani, mama alikuwa anakufa mbele yangu kwa ajili ya jibu langu. Uji ulikuwa umepoa, umefanya utando. Nikakaa chini nikamwambia yote. Nikasema alikula, Mama. Alipewa muhogo akala, ili apite. Nikamwambia na maneno niliyosema, neno kwa neno, na mkono wa baba kichwani kwangu.

Hakugeuka. Nilihesabu pumzi zake, kwa woga wangu.

"Wa kuchoma au wa kuchemsha?" akauliza.

"Wa kuchoma."

"Mkubwa?"

"Kipande cha kutosha."

"Alipenda wa kuchoma," akasema. Halafu: "Basi hakwenda na njaa."

Akageuka, akaomba uji. Nilitaka kuupasha moto, akasema lete hivyo hivyo. Aliunywa wote, machozi yakimdondokea kwenye bakuli.

Aliishi miaka minne zaidi na hakufunga tena sita. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza habari za ule muhogo: ulikuwa na chumvi? Alimaliza? Aliutafuna vizuri au alibugia? Nilimjibu kila mara, hata yale nisiyoyajua. Lakini kuhusu maneno niliyomwambia baba, mama hakuniuliza hata siku moja. Nimemzika, na sijui kama alinisamehe, au alikataa tu kuyasikia.